Debe la Benta na Ndege Wasiokuja

Kila asubuhi Benta alipiga debe.

Alisimama katikati ya shamba lake la wimbi, leso kiunoni, fimbo mkononi. Alipiga debe mpaka mbwa wa jirani wakaacha kubweka, wakaona mwenzao amewazidi.

"Tokeni hapa," aliwaambia ndege. "Nendeni mkale kwenu."

Akina mama waliokuwa wakienda ufukweni Asembo kununua omena, wale dagaa wa ziwani, walimsalimia wakipita njiani.

"Mama Oyugi, ndege wanakusumbua?"

"Wananimaliza," alijibu.

Waliitikia kwa huruma, wakaenda zao. Kasoro ilikuwa moja tu. Shambani kwa Benta hapakuwa na ndege. Hata mmoja.

Benta alijua sababu. Wimbi lake halikuwa na kitu. Ukilitazama kutoka njiani, masuke yamesimama vizuri. Ukilifinya suke, unabaki na makapi mkononi. Ndege si wajinga. Walikuja mara moja, wakaonja, wakaondoka. Kwa hiyo Benta alipiga debe ili watu waseme ni ndege. Mtu akiliwa na ndege, wenzake humwonea huruma. Mtu akivuna makapi, wenzake huuliza maswali.

Na Benta hakuwa mtu wa kuulizwa maswali. Yeye ni mke wa kwanza wa Mzee Ogola. Kwa Wajaluo mke wa kwanza huitwa mikayi. Msimu wa kupanda ukifika, hakuna wa boma la Ogola anayetia mbegu ardhini kabla ya mikayi. Yeye hufungua msimu pamoja na mumewe. Kisha hufuata mke wa pili, kisha wana na wake zao. Heshima hiyo Benta aliipenda kuliko chai ya maziwa.

Tena alikuwa ameiongezea na yake. Alisema mbegu pia lazima itoke kwenye chungu chake. Kila mwaka wakaza wana walikuja na vikombe, naye akawagawia wimbi jeupe, lile ambalo Mzee Ogola alipenda uji wake.

Mwaka ule, Jacinta, mke wa pili, alikuja na mbegu nyingine kwenye kopo. Aliipata kwenye kikundi cha akina mama. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, karibu nyeusi.

Benta alichungulia ndani ya kopo. "Hii ni mbegu ama ni mavi ya panya?"

"Ni wimbi, Mikayi."

"Basi kalipande nyuma ya choo, nisilione."

Jacinta alingoja Benta afungue msimu. Kisha akapanda wimbi lake nyuma ya choo, kama alivyoambiwa.

Mvua ilinyesha vizuri. Siku moja Benta aliona madoa kwenye majani ya wimbi lake. Yalichongoka pande zote mbili, kama mtumbwi ukiutazama kutoka juu. Katikati yalikuwa ya kijivu, pembeni ya kahawia. Alinyamaza. Baadaye shingo za masuke zikawa nyeusi, na masuke yakakauka kabla ya kujaa. Bado alinyamaza.

Lakini kwenye mashine ya kusaga unga mdomo wake haukunyamaza.

"Kuna mtu mwenye jicho baya," aliwaambia akina mama waliokuwa kwenye foleni. "Simtaji mimi. Lakini nyumba yake iko nyuma ya yangu."

Nyuma ya nyumba ya Benta kulikuwa na nyumba moja tu.

Asubuhi moja Jacinta alimkuta Benta shambani na fimbo yake.

"Mikayi, niazime debe."

"La nini?"

"Ndege. Wamejaa kwangu nyuma ya choo. Nadhani ni wale unaowafukuza hapa."

Benta alitazama upande wa choo. Ndege walikuwa wamejaa huko kama watu kwenye harusi. Alitazama kwake. Kimya. Akaishusha fimbo.

Jacinta hakucheka. Alishika suke moja la Benta, akalifinya. Makapi yakapeperuka.

"Tangu lini, Mikayi?"

"Tangu wewe ulipo..." Benta akajikatiza.

"Sema tu. Ya mashineni yamenifikia. Nyuma ya nyumba yako kuna mimi na choo. Na choo hakina macho."

Benta alitamani kulivaa lile debe kichwani. Aliinama akajifanya anang'oa magugu, lakini aliyoyang'oa yalikuwa mashina ya wimbi.

"Acha hayo," Jacinta alisema. "Wabwire anakuja kwenye kikundi kesho, yule afisa wa kilimo. Nimlete aone?"

"Watu watajua."

"Yawa, jamani, watu wanajua. Ndege wameshawaambia."

Wabwire alikuja na pikipiki yake, viatu vimejaa tope. Hakuongea haraka. Alipita kati ya mistari, akageuza majani, akapasua shingo za masuke kwa kucha. Kisha akaenda nyuma ya choo akatazama wimbi la Jacinta.

"Mama, huu ni ugonjwa," alisema aliporudi. "Unaitwa blasti. Unaletwa na kuvu."

"Si jicho?" Benta aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jicho halifanyi hivi. Umewahi kuona mkate ukikaa siku nyingi, ukaota manyoya? Hiyo ni kuvu. Hii ya wimbi ni ndugu yake. Upepo unaibeba. Mvua inairusha kutoka jani hadi jani. Ikishika shingo ya suke, chakula hakipiti. Suke linabaki na njaa."

"Na kwa huyu mbona haikuingia? Si upepo ni huo huo?"

"Imeingia. Njoo uone."

Benta alifuata, macho chini. Kwenye majani ya Jacinta aliona madoa pia. Lakini yalikuwa madogo na machache. Masuke yalikuwa mazito mpaka yameinama.

"Watoto wa nyumba moja, mafua yakiingia, mmoja analala kitandani," Wabwire alisema. "Mwingine anapiga chafya, anaenda kucheza. Mbegu nazo ni hivyo. Hii imechaguliwa kwa sababu inastahimili. Yako haina nguvu hiyo."

"Kwa sababu hii ni nyeusi?"

"Usifuate rangi, mama. Zipo nyeusi zinazougua. Uliza jina la mbegu, na uulize kama inastahimili blasti huku kwetu. Kila msimu uikague. Kuvu nayo hubadilika, inatafuta njia mpya."

Kisha akauliza, "Mbegu yako huwa unaitoa wapi?"

Benta alikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. "Tukishapura yote, tunakula. Inayobaki chunguni ndiyo napanda."

"Basi umekuwa ukila nzuri na mbaya pamoja, na kupanda nzuri na mbaya pamoja. Ugonjwa unalala ndani ya mbegu. Unalala pia kwenye mabua mnayoacha shambani. Mbegu huchaguliwa suke likiwa bado limesimama. Chagua lililojaa, kwenye shina lisilo na madoa, ulikaushe na kuliweka peke yake. Mabua yenye ugonjwa uyachome. Msimu ujao hapa weka maharagwe, wimbi lihamie kwingine. Palilia mapema, usiache mimea ibanane."

Benta aliitikia kila neno. Lakini akili yake ilikuwa kwa wakaza wana. Nao walikuwa wamepanda mbegu ya chungu chake. Nao walikuwa na makapi. Aliwagawia njaa kwa mkono wake mwenyewe, na wao wakasema asante, Mama.

Wimbi la Jacinta la nyuma ya choo lilitosha mbegu tu, kwa hiyo mwaka ule boma zima lilinunua unga wa uji. Mzee Ogola aliunywa akikunja uso, na Benta hakumuuliza kwa nini.

Miezi ikapita. Mabua yalichomwa. Benta alilima kipande kipya. Mvua ya kwanza ikanyesha, na watu wa maboma mengine wakaanza kupanda. Kwa Ogola majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani. Wote walikuwa wanamngoja mikayi.

Wakaza wana walitazama mawingu, kisha wakatazama mlango wake. Jacinta alikuwa na mbegu tele, lakini hakuweza kutangulia.

"Mama Oyugi," Mzee Ogola aliuliza, "wewe unaingoja mvua, ama mvua inakungoja wewe?"

"Mgongo unaniuma."

Mgongo haukuuma. Chungu kilikuwa na mbegu ile ile ya ugonjwa, na hiyo hakuweza kuitia ardhini tena. Mbegu isiyo na ugonjwa ilikuwa nyumba ya pili, kwa Jacinta. Na tangu aolewe, Benta hakuwahi kwenda nyumba ya pili kuomba hata chumvi.

Akangoja siku nyingine. Mvua ikanyesha tena. Mkaza mwana mmoja alipita na mtoto mgongoni, akasimama akatazama mvua ikipotea bure, akaenda zake. Hilo ndilo lililomwinua Benta. Alichukua kibuyu kitupu, akakificha ndani ya leso kama mtu aliyeiba kuku.

Jacinta alimfungulia mlango. Aliona leso imefura, akajua.

"Karibu, Mikayi."

"Sikai." Benta alitoa kibuyu. "Nimekuja kuomba ile ya... ile niliyoiita panya."

Jacinta alijaza kibuyu mpaka mdomoni. "Kichukue ndani ya leso hivyo hivyo. Sema ni yako. Mimi sitasema."

Benta alisimama mlangoni. Ilikuwa njia nzuri. Ilikuwa na kivuli cha kujifichia. Akafikiria debe lake na ndege wasiokuwepo.

"Hapana," alisema. "Nimechoka kufukuza ndege."

Kesho yake wote walikusanyika shambani. Benta alitia mbegu ya kwanza ardhini, mumewe kando yake. Mzee Ogola akachungulia kibuyu.

"Hii imetoka wapi? Mbona si ile yetu?"

"Ni ya Jacinta," Benta alisema, akitazama mashimo na si watu. "Ile yangu ni gonjwa. Desturi inasema nitangulie kupanda. Haikusema mbegu iwe yangu. Hiyo niliongeza mimi."

Hakuna aliyecheka. Wakaza wana waliinama wakaanza kupanda, haraka, kabla hajabadili mawazo.

Bado lilibaki lile la mashineni. Jacinta alifuatana naye. Foleni ilikuwa ndefu, mashine inanguruma. Benta akasafisha koo.

"Lile la jicho nilisema uongo," alisema. "Ulikuwa ugonjwa wa wimbi."

Hakuna aliyesikia. Benta akageuka kuondoka, kama mtu aliyemaliza kazi. Jacinta akamwambia mwenye mashine kitu sikioni. Mashine ikazimwa.

"Rudia, Mikayi," Jacinta alisema kwa upole. "Sasa kumetulia."

Benta alirudia. Lote, mpaka choo kisichokuwa na macho. Akina mama walicheka hapo, naye akawaacha wacheke. Kisha wawili wakaanza kumuuliza kuhusu madoa ya kwao, na shingo nyeusi, na mbegu ile inapatikana wapi. Nao walikuwa wamenyamaza, kama yeye.

Wimbi likatoa masuke. Madoa yalikuwepo, machache. Benta alichagua mashina mazima kabla ya kuvuna, akayafunga uzi, ili mbegu isichanganyike na chakula. Alipofika kwenye jani lenye doa, hakulificha. Alimwita Jacinta waliangalie pamoja.

Asubuhi alipiga debe. Akina mama wakapita kwenda kununua omena.

"Mama Oyugi, ndege wanakusumbua?"

"Wananimaliza," Benta alijibu.

Na safari hii walikuwepo.