Niliiba Programu Yenye Sauti Yangu

Nina miaka ishirini na tatu, ni mwanafunzi wa kompyuta hapa Kigali. Nililelewa Bukoba kabla wazazi wangu hawajarudi nyumbani, ndiyo maana Kiswahili hakinipi tabu. Kinachonipa tabu ni kuishi na hili nililolifanya... Wasomaji wenzangu, nisikilizeni kwanza, mnihukumu baadaye.

Chuoni kwetu ni nani anayenunua programu? Ukihitaji ya kuchora au ya kuhariri video, unamwendea mwenzako na flashi, naye amekwisha kuipakua mtandaoni ikiwa imevunjwa kufuli ya malipo. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kuvunja kufuli hizo. Walinisifu, nami nikavimba kichwa. Sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu aliyetoka jasho kuzitengeneza.

Mtu huyo nilikuwa naye. Janvier tulisoma darasa moja na kuimba kwaya moja kule Rebero. Aliniita dada, nami nilimwita kaka. Alitengeneza programu ya walimu wa kwaya: unaandika noti za wimbo, do re mi, na yenyewe inaimba sauti zote nne ili kila mwimbaji ajifunze sehemu yake nyumbani. Sauti hizo alizirekodi kwetu wanakwaya. Ya alto ni yangu.

Kwaya iliyonunua ilipata nakala yake. Mimi alinipa bure, akaniomba jambo moja tu, nisimpe mtu mwingine. Baba yake alikuwa amefariki na masomo ya mwaka wa mwisho yalikuwa yanamshinda kulipia. Ofisi moja ya kanisa, yenye kwaya nyingi chini yake, ilikuwa karibu kuinunua kwa ajili ya zote. Hapo ndipo lilipokuwa tumaini lake. Nikaahidi.

Jumamosi moja baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tukiwa bado na majembe mikononi, walimu wa kwaya ndogondogo walinizunguka. Tamasha la Pasaka lilikuwa linakaribia na hawakuwa na uwezo wa kuinunua. Mmoja akasema kazi ya Mungu haiuzwi. Neno hilo lilinikaa vizuri... Kumbe nilikuwa natafuta ruhusa tu. Nikapakua kifaa cha kuvunjia kufuli kutoka tovuti nisiyoijua, nikaivunja nakala yangu, nikaituma kwenye grupu lao. Wakaniita mtumishi wa Mungu! Nami, bila haya, nikaitikia amina.

Kile kifaa kilikuwa na virusi. Wiki ya Pasaka kompyuta za kwaya zikaanza kufuta nyimbo. Kwaya moja ya kina mama ilipoteza nyimbo zake zote, hata alizoziandika mwalimu wao aliyekwisha kufa.

Kikao kikaitishwa. Walimu hawakunitaja mimi niliyewapa nakala, ila walimshutumu Janvier kwamba ndiye aliyetega virusi, ili watu waogope nakala za bure na walazimike kununua. Alijitetea, hawakumsikiliza. Mwishowe akanigeukia.

"Dada, wewe uko na mimi tangu mwanzo. Waambie."

Ukumbi mzima ulinitazama. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake. Nikasema, "Mimi niliimba tu. Aliyoweka ndani siyajui."

Janvier aliketi. Ile ofisi ya kanisa ikajitoa, na muhula uliofuata hakurudi darasani.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja niwe bibi. Kila nilipofungua kinywa kuimba nilijisikia mwongo, mpaka nikaungama mbele ya walimu wale wale kwamba virusi vilitoka kwenye kifaa changu. Unajua walifanya nini? Walilia, wakaniombea, wakanisamehe... kisha wakasafisha virusi na kuendelea kuitumia programu ile ile.

Nikamfuata Janvier kwenye ghala moja huko Masoro, anakopakia makasha. Alitoka getini amekonda, mikono ina vumbi. Kabla sijamaliza kuungama alinikatiza kwa upole.

"Mimi nilijua, dada. Kila nakala iko na namba yake. Ile walinionyesha mu kikao iko na namba ya kwako. Nilikuwa nangoja useme."

Alijua! Aliponiambia niwaambie, alikuwa ananipa nafasi. Nikaanza kulia pale pale getini. "Ihangane," akaniambia, neno tunalomwambia mfiwa, akarudi ndani. Mwenye msiba alikuwa yeye, nami ndiye niliyepewa pole. Tangu hapo hapokei simu zangu.

Juzi nilikuwa Nyabugogo nikingoja basi. Kwenye kibanda wanapowajazia watu nyimbo na programu kwenye flashi nikasikia alto ikitoka kwenye spika. Ilikuwa sauti yangu. Muuzaji aliniona nimesimama, akaniita.

"Dada, hiyo programu ya kwaya iko nzuri sana. Nikuwekee?"

Nikamuuliza kama anamjua aliyeitengeneza. Akacheka. "Iko ya mtandao, haina mwenyewe."

Mimi mwenyewe nimesema hivyo miaka yote ya chuo... Nakala zile zimesambaa, siwezi tena kuzirudisha, na sauti yangu itaendelea kuuzwa vibandani wakati kaka yangu anabeba makasha.

Wanafunzi wenzangu, nawasihi kwa machozi, msiifuate njia hii. Kama huna uwezo wa kununua programu, tafuta ile ambayo mwenyewe ameamua kuitoa bure, au subiri. Usijidanganye kwamba haina mwenyewe. Yupo, na huenda yeye pia anakuita dada.