Dadu ya Tekla

Umewahi kuwa na neno la kumwambia mzazi, likakukwama kooni?

Tekla alikuwa nalo wiki nzima. Baba yake, fundi seremala Liberatus wa Mafinga, alimwambia kwamba Jumamosi Tekla atahamia Chunya kwa shangazi yake, asome huko. Tekla hakutaka. Lakini kila alipofungua kinywa kusema hivyo, alijikuta anamuuliza baba kama atakunywa chai.

Alhamisi alifagia maranda ya mbao katika karakana ya baba kama kawaida, kisha akaketi mlangoni na wenzake, Aroni na Tumpe, kucheza mchezo wao wa safari. Aroni ndiye aliyesimulia, na ndiye aliyejifanya kila mtu waliyekutana naye njiani. Ukitaka kumshawishi mtu huyo, unasema maneno yako, kisha unarusha dadu. Ikitoka nne au zaidi, amekubali. Ukisema vizuri, unaongezewa moja.

Tekla hakusema kitu. Alirusha tu. Dadu aliichonga mwenyewe kwa kipande cha msonobari, akaisugua kwa msasa hadi ikawa laini, na upande wa moja akauweka makusudi penye kifundo cha mti, kwa kuwa kifundo ni kizito: kikilala chini, sita inabaki juu. Mlinzi wa daraja alikubali kwa sita. Mfalme naye, sita.

Tumpe akaichukua dadu, akaidondosha kwenye ndoo ya maji ya kunolea patasi. Ikaelea, sita juu. Akaizungusha kwa kidole mara tatu. Ikarudi palepale.

"Umetudanganya," akasema.

Aroni akaguna. "Na baba yako naye utamrushia dadu?"

Ndani, nyundo ikanyamaza. Fundi Liberatus, aliyekuwa akipigilia sanduku la nguo za Tekla, akatoka na kuuliza kuna nini. Tekla akaeleza habari ya kifundo, akawaomba wenzake radhi. Tumpe aliitikia kwa kichwa, ila hakumtazama.

Baba akaitoa dadu majini, akaipapasa pande zote.

"Umechonga vizuri," alisema. "Ila hii inakubali kabla haijasikia neno. Binadamu hayuko hivyo, mwanangu. Humjui mpaka umwambie ukweli, na akikataa, basi angalau amekusikia." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Sanduku bado sijalitia kifuniko. Ulitaka kunirushia dadu kwa lipi?"

Tekla akasimama.

"Baba, sitaki kwenda Chunya. Nataka nimalizie la saba hapa, nyumbani."