Jina Jekundu kwenye Mnara

Asubuhi ya tatu mfululizo, Natsuko alikuta viatu vyake vimegeuzwa. Kijijini kwao viatu huachwa mlangoni pua zikitazama nje, ili mtu anayetoka atumbukize mguu na kwenda zake. Vyake vilitazama ndani. Akavigeuza, akamlaumu mama mkwe wake, Bi Kikue, kimoyomoyo, maana uzee nao una mambo yake.

Hakuwa na nafasi ya kununa. Binti yake Misuzu alikuwa mjini, tumbo limeshuka, uzazi wa kwanza, na kila simu ni "Mama, unakuja lini?" Begi lilikuwa tayari, basi hupita saa nne. Natsuko akavuta mlango. Mlango ukagoma.

"Theluji imeugandisha," alisema.

"Si theluji," Bi Kikue alimjibu, macho kwenye kikombe chake cha chai. "Ni kaka. Anasema nje kuna adui."

Natsuko akataka kucheka, lakini harufu ikamuwahi: matope ya pwani na blanketi lililovundia majini. Pwani ilikuwa mbali na milima ile, safari ya siku nzima.

Kaka huyo ni Bunpei, aliyekwenda vitani ng'ambo ya bahari ana miaka ishirini, na kilichorudi ni kisanduku chenye kokoto moja ndani badala ya mifupa. Kijiji kikachonga jina lake kwenye mnara wa askari waliokufa, pamoja na wenzake thelathini. Dada mtu, Bi Kikue, hakuukubali mnara ule hata siku moja. Vuli iliyopita, fundi mawe Genzo alipoitwa kupaka herufi upya, bibi alimfuata na chupa ya sake, pombe ya mchele. Kwao, mjane huchongwa jina kaburini kando ya mumewe angali hai, na jina hilo hupakwa rangi nyekundu mpaka siku yake ifike. "La kaka nipakie jekundu," alimwomba. "Hajafa yule, amechelewa tu." Genzo akacheka, akanywa, akapaka. Kisha theluji ikaanguka ikaufunika mnara wote.

Jiwe lilikuwa limemwita hai, naye akaja kuishi.

Natsuko alijaribu mlango wa jikoni, ukagoma vilevile. Madirisha yalikwisha kupigiliwa mbao za kuzuia theluji tangu mwezi wa kumi na moja, hata mchana taa ziliwaka. Na mchana huohuo, saa sita, wali ukichemka, akasikia buti za misumari zikitembea ukumbini, taratibu, hatua kumi kwenda na hatua kumi kurudi, zikapita mlango wa jikoni, zikarudi, zikasimama nyuma yake pale alipoinamia sufuria, na ile harufu ikamshukia shingoni pamoja na pumzi baridi, pumzi ya mtu aliyekimbia mbali, naye akabaki vilevile ameinama, mwiko mkononi, akiogopa kugeuka na akiogopa zaidi kutogeuka, mpaka wali ukaungua.

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akatambaa hadi kwenye simu.

"Genzo, uko peke yako?"

"Nipo na mafua yangu tu, mama Misuzu. Mbona unanong'ona?"

"Lile jina. Likwangue leo."

"Mnara uko chini ya theluji, kimo cha watu wawili. Tungoje mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne utakuta mifupa. Genzo, amesimama hapa."

Utani ukamwisha fundi. "Nachukua koleo," alisema.

Alichimba siku mbili. Siku ya tatu, karibu saa nne asubuhi, simu ikalia. "Nimelikwangua. Jeupe kama ya wenzake." Papo hapo mlango ukateleza ukafunguka wenyewe, na mwanga wa theluji ukajaa nyumbani. Natsuko alilia kwa furaha, akavaa viatu, akashika begi.

"Mama, twende! Tutoke!"

Bi Kikue alikuwa keshafika mlangoni, amevaa kimono cha sherehe, mgongo umenyooka, hana hata fimbo yake ya kutembelea. Harufu ya matope ilitoka kinywani mwake.

"Amelia sana, mwanangu," alinong'ona. "Jiwe limemfukuza, hana pa kwenda. Ningemwachaje nje? Nikamwambia aingie." Akajigusa kifua kwa upole. "Ila mwili wa miaka sabini na sita unamchosha, maskini. Anauliza mtoto wa Misuzu anazaliwa lini."

Chini barabarani basi likapiga honi. Hatua hamsini tu za kufika pale. Natsuko aliona dereva akifuta kioo, akamwona na Genzo akija na koleo begani, akimpungia mkono. Akarudi ndani, akauvuta mlango, akashindilia komeo.

"Unafanya nini?" Bi Kikue aliuliza, na chini ya sauti yake kijana mmoja aliuliza vilevile.

Natsuko alikuwa ameshainua simu.

"Misuzu, mwanangu, theluji ni nyingi mno. Usinisubiri." Akaikaza sauti isitetemeke. "Na nisikilize. Mtu yeyote wa nyumba hii akija kugonga kwako, usimfungulie. Hata nikiwa mimi."