Nyama Isiyo na Chumvi

Moshi ulikuwa mwingi, lakini haukunukia kitu. Oliva aliligundua hilo kabla hajakaa; akavuta pumzi tena, akadhani ni mafua. Nzi hawakuwepo. Mafuta ya mbuzi yalidondokea makaa mekundu bila mlio wowote.

"Ndiyo hapa wanapopasifia?" alimnong'oneza mumewe, Amedeus.

"Tumeshafika, Mama Leti. Tule tu."

Ilikuwa Jumapili, wametoka misa, na hiyo baa mpya ya nyama choma kule Msamala walikuwa wakiiota tangu ifunguliwe. Mbavu zililetwa kwenye sinia, ndizi pembeni. Oliva alitafuna kipande kimoja, akakitemea kiganjani. Kilikuwa kama kitambaa kilicholowa.

"Kaka, naomba chumvi," alimwambia mchomaji.

Meza zote zilinyamaza. Waliokuwa wakitafuna waliacha midomo wazi, wakamtazama.

Mchomaji hakugeuka. "Hiyo kitu hapa hatuweki, mama."

"Baba Leti, twende," Oliva alimvuta mumewe shati. Lakini Amedeus alilelewa na bibi asiyeruhusu chakula kibaki. Alimaliza sinia zima, mpaka gegedu, huku akilalamika kwamba nyama haina ladha.

Kesho yake alisukuma bakuli la maharage. "Umenitilia nini humu?" Kila chenye chumvi kilimbabua ulimi. Ile harufu iliyokosekana Msamala sasa ilitoka mwilini mwake, harufu ya mafuta na nywele zilizoungua, na kila jua lilipozama alisimama akiutazama ukuta, akitafuna mdomo mtupu, taya zikipanda na kushuka, mifupa ikisikika ikivunjika humo ndani mlimokuwa hamna kitu, na Oliva, aliyeganda mlangoni na rozari mkononi, alisikia katikati ya kutafuna huko mtafunaji wa pili, akienda polepole, akisubiri zamu yake, kama watu wawili wanaokula sahani moja.

Alikimbilia kwa jirani yake pale Mfaranyaki, Bi Mwamvua, mtu wa Tunduru. Bibi huyo alimsikiliza, akajiziba mdomo kwa khanga.

"Walikunyima chumvi? Subhanallah! Mwanangu, wale si watu, ni majini; chumvi hawaigusi." Akampigia simu kaka yake, Mzee Muhsini, anayesomea wagonjwa.

Mzee alisoma mpaka sauti ikamkauka, kisha akamnywesha Amedeus maji ya chumvi kwa nguvu. Mgonjwa alitetemeka, na kinywani mwake ikatoka sauti nyembamba isiyokuwa yake.

"Mbona mnanifukuza? Mimi nilimlisha."

"Na wewe ulikula nini kwake?" Mzee aliuliza, jasho likimtiririka.

Sauti ilicheka. "Nilichokula nimekula. Nimeshiba, naondoka."

Amedeus alianguka chini kama gunia. Harufu ikakatika papo hapo.

Alipozinduka, aliomba ugali. Oliva aliusonga huku machozi ya furaha yakimtoka, akamwekea na dagaa wa Nyasa waliokolea chumvi. Amedeus alikula kwa hamu, akalamba vidole, akaomba aongezewe. Bi Mwamvua alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Kisha Amedeus alinawa, akasimama, akakunja mikono kwa adabu kama mgeni anayeaga. Alimtazama mkewe usoni, akatabasamu.

"Asante sana, dada. Umepika vizuri. Samahani lakini, hapa ni nyumbani kwa nani?"