Lango la Drieka na Pikapu Mbili

Nyinyi mnaosimama nje ya kanisa kila Jumapili mkilinganisha pikapu hadi nyama zinaungua nyumbani, hadithi hii ni yenu. Sitataja kampuni iliyotengeneza gari lolote humu. Nikitaja tu, nusu yenu mtaacha kusikiliza na kuanza kubishana, na nusu nyingine mtakwenda kuwasha magari ili mtoe ushahidi. Kwa hiyo pikapu moja nitaiita Nyeupe, ya pili Nyekundu, basi.

Jumamosi ile ya Agosti, Sarel aliamka na furaha tele. Jua lilikuwa limetoka, upepo umetulia, na wakata manyoya walikuwa wamemaliza kazi yao juzi. Mbuzi sitini na wawili wa mkewe, Drieka, walikuwa wakiota jua katika boma la bondeni, wamenyolewa wakabaki weupe kama viazi vilivyomenywa. Walikuwa mbuzi wa Drieka hasa, si wa Sarel. Alianza na wawili aliopewa na baba yake siku ya harusi, akawanywesha maziwa kwa chupa jikoni, na sasa karibu wote walikuwa na mimba ya kuzaa mwezi uliofuata. Kila mtu wa Karuu, nyika yetu kavu ya Afrika Kusini, anajua kwamba mbuzi wa manyoya akishanyolewa hana tofauti na mtoto mchanga. Mvua ya baridi ikimkuta nje, haoni asubuhi. Ndiyo maana boma la bondeni lina ukuta wa mawe, lina banda, na lina lango moja tu la kuelekea mlimani.

"Redio inasema baridi itaingia jioni," Drieka alimwambia mumewe wakinywa kahawa. "Saa tisa nitawaingiza bandani. Lango la juu lisiachwe wazi leo, Sarel. Hata kidogo."

"Nani aliache wazi?" Sarel akajibu, macho yake yakiwa dirishani, yanaitazama Nyeupe.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa nyumba ile. Sarel hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na kanisani aliimba vizuri. Lakini kwa Nyeupe alikuwa amepotea kabisa. Paa la banda la mbuzi lilikuwa likivuja tangu mwaka juzi, na kila Drieka alipolitaja, Sarel alisema kesho. Nyeupe haikuambiwa kesho hata siku moja. Ilipata bampa la chuma, ikapata taa nne juu ya paa la gari, ikapata na bomba la kuvutia hewa lililosimama kama shingo ya mbuni. Siku ya kuadhimisha miaka ishirini ya ndoa yao, Drieka alikula chakula akitazama miguu ya mumewe ikichungulia chini ya gari.

Na hayo yote yasingefika mbali kama si Neels. Neels ni mdogo wake Drieka, shemeji wa Sarel, na ndiye mwenye Nyekundu. Saa nne asubuhi aliingia uani na soseji ndefu ya kuchoma, akapiga honi mara tatu.

"Shemeji!" akaita. "Hicho chombo bado kinatembea? Nilidhani umekigeuza banda la kuku."

"Kinatembea, na hakijawahi kulala gereji. Kilomita laki tatu na arobaini elfu, injini haijafunguliwa. Hiyo yako imekwenda kwa fundi mara ngapi mwezi huu?"

"Mara moja tu. Ilikuwa taa."

"Taa ya nini?"

"Ya kuonya."

"Kuonya nini?"

Neels akajikuna kichwa. "Fundi mwenyewe hakujua."

Sarel alicheka hadi akashika mbavu. Wakawasha moto, lakini nyama hawakuiweka, maana maneno yalikuwa matamu kuliko nyama. Sarel alitaja urefu wa tumbo la Nyeupe kutoka ardhini, milimita mia mbili na ishirini na tano, akataja kina cha maji inachovuka, akasema spea zake zinapatikana hata kwenye duka linalouza sukari na mishumaa. Neels alijibu kwamba Nyekundu inavuta kuliko trekta, inafunga ekseli ya nyuma ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, ina kamera ya kutazama mawe chini, na ina kitufe cha mchanga, kitufe cha matope na kitufe cha miamba.

"Kitufe changu cha matope hiki hapa," Sarel akasema, akipiga paja la mguu wa kulia.

"Basi twende tukaone. Hadi kwenye pampu ya kisima, ile inayozungushwa na upepo, juu kule. Wa kwanza kufika, mwenzake amwite baba mwezi mzima."

Drieka alikuwa jikoni akikanda mkate. Aliposikia injini mbili zikinguruma, alitoka na unga mikononi, lakini alikuta vumbi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu sheria ya lango haikuandikwa popote, na bado hata mtoto anayetambaa anaijua: gari la kwanza hufungua, la mwisho hufunga. Sarel alikuwa mbele. Alishuka, akafungua lango la juu, akapita. Neels akapita baada yake, na badala ya kusimama akakata kona vichakani, akampita Sarel huku matawi yakikwaruza mlango.

"Funga lango!" Sarel akapaza sauti dirishani.

"Anayefunga ni wa mwisho!" Neels akajibu akicheka. "Na wa mwisho ni wewe!"

"Wewe ndiye uliyepita mwisho!"

"Angalia nani yuko nyuma, shemeji!"

Sarel alitazama kwenye kioo. Lango lilikuwa wazi kabisa. Kurudi kulifunga kungemchukua dakika mbili, na moyo wake ulimwambia arudi. Lakini kurudi maana yake ni kuwa wa mwisho, na Neels angelisimulia jambo hilo kanisani hadi Krismasi. Nitalifunga tukirudi, akajiambia, akakanyaga mafuta.

Zote mbili zilipanda, tena zilipanda vizuri, na ningekuwa mwongo kusema vingine. Zilifika kwenye pampu ya upepo pua kwa pua. Kwa hiyo likaanza shauri la nani aliyefika kwanza, kisha wakalala chali chini ya magari kuhesabu mikwaruzo, kisha wakapimana matairi kwa shubiri. Saa mbili nzima zikapita hivyo. Hawakuona upepo ulipogeuka na kuvuma kutoka kusini. Walishtuka jua lilipofichwa na wingu zito lililokuja kabla ya saa yake.

"Mbuzi wa nani wale?" Neels akauliza, akionyesha korongo lililokuwa chini yao.

"Wa jirani, bila shaka," Sarel akasema. Halafu akaona alama ya rangi ya buluu shingoni mwao, alama ambayo yeye mwenyewe alikuwa amemshikia Drieka kopo alipokuwa akiipaka. Mbuzi wasio na manyoya walikuwa wakipanda korongoni, mmoja nyuma ya mwingine, kuelekea kwenye majani mabichi.

Simu ikalia mfukoni.

"Sarel, niko bomani," Drieka akasema. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Boma ni tupu. Lango alifunga nani?"

Sarel alimtazama Neels. Neels alitazama viatu vyake.

"Hakuna," Sarel akasema.

Simu ikakatika.

Walishuka mbio. Njia fupi ya kwenda korongoni inavuka mto mkavu, na mchanga wa pale ni laini kama unga. Nyekundu iliingia kwanza. Neels alibonyeza kitufe cha mchanga, akabonyeza cha matope, akabonyeza na cha miamba, na kwenye dashibodi kila taa ya kuonya ikawaka. Gari likazama hadi tumboni.

Kwa miaka minne Sarel alikuwa ameisubiri siku hiyo. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutoa simu apige picha, na ulikuwa umeishika tayari tone la kwanza la mvua lilipomwangukia shingoni, baridi ya kukata. Akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alirudisha simu, akatoa kamba.

"Niache, nenda kwa mbuzi!" Neels akasema.

"Watu wawili wanabeba wawili. Funga kamba, acha maneno."

Nyeupe ikavuta, ikavuta tena, na yenyewe ikazama. Hapo walijua kwamba wote wawili ni wajinga. Walijilaza tumboni mchangani, wakapunguza upepo wa matairi yote manane, jambo ambalo walipaswa kulifanya kabla ya kugusa mchanga ule, lakini aliyesimama kupunguza upepo angekuwa wa mwisho. Walichimba kwa mikono, na kwa koleo la kugeuzia nyama lililokuwa bado limechomekwa mkandani mwa Neels. Ilikuwa mvua kamili yenye punje za barafu walipotoka.

Walipofika kwenye mdomo wa korongo, Drieka alikuwa ameshafika. Alikuja kwa miguu yake, ndani ya mabuti ya mpira, kutoka bomani, kupitia langoni, hadi pale. Alikuwa amebeba mbuzi mabegani na wengine amewakusanya chini ya mwamba, wanatetemeka hadi meno yanagongana.

"Mmefika," akasema. "Juu huko hamwendi na gari. Pandeni kwa miguu, mnishushie waliobaki."

Walipanda. Waliteleza, wakaanguka, wakashuka na mbuzi mikononi, wakapanda tena. Magari yalipofunguliwa nyuma, Drieka alitikisa kichwa.

"Huko nyuma watakufa kwa upepo. Waingizeni mbele."

Neels alivitazama viti vyake vya ngozi. "Kwenye..." akaanza. Dada yake akamtazama. "Kwenye viti, ndiyo," akamalizia mwenyewe, akafungua mlango.

Basi fikirini mandhari hayo, jamani. Mbuzi kumi na mmoja mbele kwenye viti vya kila gari, wamelowa, wanalia, mmoja amekaa kwenye usukani, mwingine anatafuna mkanda wa kiti. Sarel alifungulia hita hadi mwisho.

"Hita yangu inapasha haraka zaidi," Neels akasema kwa mazoea.

Drieka akageuka taratibu.

"Nimenyamaza, dada."

Walikwenda na kurudi mara tatu. Bandani paa lilikuwa likimwaga maji kama bomba, kwa hiyo mbuzi wakaingizwa ndani ya nyumba. Walijaa jikoni, wakajaa sebuleni, wakalala kwenye zulia na juu ya kochi. Drieka aliwanywesha maji moto yenye sukari, na wanaume wawili waliwasugua kwa mataulo, kwa mashuka, hata kwa suti ya Sarel ya kanisani. Jioni ilipoingia walikuwa wameacha kutetemeka, mmoja mmoja.

Hamsini na saba. Watano walibaki korongoni, wamekufa kwa baridi.

Drieka alinawa mikono, akaketi mezani, akafungua daftari lake la mbuzi. Alishika kalamu.

"Nitajieni hao watano," akasema. "Nataka kuwafuta."

Neels aliendelea kumsugua mbuzi aliyekuwa amekwishakauka.

"Sarel, wawili umewaona mwenyewe. Yule mwenye sikio lililopasuka, uliyemwacha chini ya jiwe. Anaitwa nani?"

Sarel alijua tumbo la Nyeupe liko milimita ngapi juu ya ardhi. Alijua kina cha maji inachovuka, namba ya matairi yake, na tarehe ya kila oili aliyoimwaga. Mbuzi yule alikuwa amelala jikoni kwao majira mawili ya baridi, karibu na miguu yake, akinyonya chupa. Hakulijua jina lake.

"Sijui," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya shemeji yake.

"Anaitwa Roosje," Drieka akasema. Akalifuta. Kisha akataja majina manne mengine, polepole, akifuta moja baada ya jingine, na wanaume wale walisimama vichwa chini hadi alipomaliza.

Jumatatu mashemeji wawili walipanda juu ya banda na mabati mapya, na Jumanne walikuwa bado huko. Mwezi uliofuata walizaliwa watoto arobaini na watatu, na Sarel alikuwepo kila mmoja alipoanguka kwenye majani, amepiga magoti na taulo mkononi. Nyeupe bado inanuka mbuzi. Nyekundu pia, na Neels anadai ya kwake inanuka kidogo zaidi, lakini hakuna anayemjibu. Siku hizi ukikaa na Sarel kwenye moto wa nyama, jiandae kuchoka. Atakutajia mbuzi wote kwa majina, mama zao na bibi zao, nani anapenda kukunwa shingoni na nani ni mwizi wa mkate. Drieka humwambia anyamaze, wageni wana njaa, na huku anatabasamu.

FUNZO

Ndugu zangu, kupenda pikapu si dhambi. Linganisheni matairi, linganisheni injini, chekaneni. Lakini ubishi wa nani bora una tabia mbaya: hasara yake humwangukia mtu ambaye hata hakuwemo kwenye ubishi. Mume anayetengeneza gari lake kila siku na kuahirisha paa la nyumba yake amekwishachagua, hata kama hajui kwamba amechagua. Lango ulilopita lifunge mwenyewe, wawe kumi nyuma yako au kumi mbele yako, wala usiogope kuitwa wa mwisho. Na kabla hujamtajia mtu gari lako liko juu ya ardhi kiasi gani, taja kwanza majina ya wote wanaokutegemea nyumbani kwako. Ukikwama katikati, zima injini, rudi nyumbani ukaulize.