Kofia ya Asajile

Mabamba-joto yalikuwa yamelala uwanjani kama magodoro meusi, na kila tone la mvua lililoyagusa liligeuka mvuke palepale. Hiyo ndiyo kazi yake: kuchemsha hewa ipande juu, ili vielea, zile ndege zisizo na injini, vipate cha kuvibeba hata siku ambayo jua limegoma. Aliyeyabuni ni mhandisi Tumwisege, na klabu ya vielea ya Uporoto ilijivunia kuwa naye.

Siku hiyo mvua iliwaingiza wanachama bandani. Walipaka mabawa nta, wakakaza skrubu, wakamtania Ambakisye, fundi wa winchi, mashine ya kuvuta vielea vipae, kwa chai yake isiyokolea hata siku moja. Mmoja tu alikuwa bado angani: Asajile, mume wa Tumwisege. Alipaa asubuhi, wingu likafunga chini yake, na sasa alizunguka juu ya joto la mabamba akingoja lifunguke.

Klabu ilikuwa na desturi yake. Rubani akipaa huacha kofia mlingotini. Akitua huitundika kwenye msumari bandani. Msimamizi, mtambo ulioendesha uwanja, ulizisoma kofia hizo. Zote zikiwa ndani, ulizima mabamba na kuyapindua yaoshwe. Hakuna aliyeona ubaya wa mpango huo, maana nani angegusa kofia ya mwenzake?

Lakini mke ni mke. Tumwisege alipita mlingotini, akaiona kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe ikichuruzika maji. Akaikamua, akaitundika kwenye msumari, akarudi kwenye nta yake.

"Mama Sekela," redio yake ikaita baada ya muda. "Huku juu hewa imekufa. Kuna nini?"

Alichungulia nje. Mabamba yalikuwa yamepinduliwa, yamepoa. Aliinyakua kofia, akakimbia nayo mlingotini.

"Rubani mmoja yuko angani," Msimamizi ukatangaza kwa upole uleule wa siku zote. "Mabamba yanarudishwa."

Wanachama walitoka mbio, wakayafuta maji kwa magunia na mashati yao ili yapate moto upesi. Tumwisege aliyajua mabamba yake kuliko mtu yeyote, na alijua hayatawahi. Hata hivyo alifuta, huku akilia waziwazi, mpaka redio ilipoita tena. Akajitenga nyuma ya winchi.

"Nimezama ndani ya wingu. Sioni kitu. Mlima uko upande gani?"

"Pinda kushoto, Baba Sekela. Kushoto. Mabamba yanapata moto."

"Nani aliyazima?"

Hakuweza kumdanganya. "Niliingiza kofia yako ndani. Ilikuwa inalowa."

"Haya," Asajile akasema taratibu. "Usimwambie mtu. Umesikia, mke wangu? Mtu yeyote. Una mtoto wa kulea."

Kisha kishindo kikasikika mara mbili, redioni na mlimani.

Mabamba yalipata moto baadaye kidogo. Mvuke ukapanda vizuri, kama Tumwisege alivyouchora katika michoro yake, na hapakuwa na mtu wa kumbeba. Ambakisye alisimama mlingotini akiitazama kofia, maji yakimtiririka usoni.

"Shemeji," akauliza, "nani aliitoa hii hapa?"

Tumwisege alizima redio, ingawa haikuwa na la kusema tena.

"Ni mimi," akasema.