Koti la Mkuu wa Utumishi

Mwili wa Gasper Wanzagi, Mkuu wa Idara ya Utumishi, ulikutwa mchana masijala, nyuma ya kabati la chuma. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Koti lake la kijivu lilikuwa ofisini kwake, limetundikwa kwenye mgongo wa kiti.

Daktari alimwambia Inspekta Hyasinta Nyangi kwamba kifo kilitokea kabla ya saa za kazi.

"Haiwezekani, afande," alisema Marieta, mfanya usafi aliyeukuta mwili. "Saa nne bosi alikuwepo."

"Ulimwona?"

"Koti lilikuwepo."

"Nimekuuliza yeye."

"Yeye sikumwona."

Wote waliohojiwa walijibu hivyohivyo. Ofisini mle, koti kitini lilimaanisha mwenyewe yupo, katoka kidogo tu. Mtu aliweza kwenda kunyoa, hata kupalilia shamba Bugwema, koti likibaki zamu.

"Na Wanzagi alikuwa na mchezo huo?"

"Yeye? Thubutu!" alisema Marieta. " Alikuwaga anayakusanya makoti ya watu. Unalifuata kwake mbele za watu, anakuuliza, 'Haya, koti limefanya kazi gani leo?'"

Inspekta aligeuza ukosi wa koti. Bitana ilikuwa na damu iliyokauka. Koti lilivuliwa baada ya jeraha, na aliyelitundika alitaka Wanzagi aonekane yu hai asubuhi nzima. Kwa aliyeshinda ofisini, hilo halikuwa na faida. Lilimfaa aliyeondoka mapema.

Huyo alikuwa mmoja: Silasi Shija, msaidizi wa marehemu. Asubuhi hiyo alichukua gari la ofisi kwenda Bunda, kuhakiki watumishi. Koplo Clever alitumwa kufuatilia. Akapiga simu: Silasi hakufika ofisi yoyote. Alishinda Manyamanyama, hukohuko Bunda, kwenye kaburi la mkewe.

Walimkuta Butiama, nyumbani kwa marehemu, siku ya mazishi. Alikuwa mwakilishi wa mwajiri. Yeye ndiye angesoma wasifu wa marehemu. Inspekta alimwita nyuma ya nyumba. Alikuja na shati jeupe, karatasi mkononi.

"Pole na msiba, Silasi."

"Tumeshapoa, afande."

"Uhakiki Bunda ulikwendaje?"

"Vizuri."

"Manyamanyama ulimhakiki nani?"

Silasi alitazama karatasi.

"Koti ulilitundika wewe," Inspekta alisema.

"Labda bosi mwenyewe aliliacha kitini."

"Bosi huyo huyo aliyekuwa anayakusanya? Ulifanya mlichozoea ninyi, si alichozoea yeye. Na ukosi una damu kwa ndani."

Silasi alichuchumaa taratibu. Upande wa pili wa nyumba kwaya ilikuwa inaimba.

"Niliomba uhamisho wa Bunda," alisema. "Nikaomba tena. Mke wangu Gaudensia anaumwa, nyumbani hana mtu. Bosi ananiambia, maombi yamepanda juu, wakubwa wamekataa. Gaudensia akafa, mimi niko kazini Musoma."

"Na asubuhi ile?"

"Alikuwa anakaribia kustaafu. Aliniita masijala kabla watu hawajafika. Akalia, afande. Akasema, 'Silasi, nisamehe, nisiondoke na jambo hili moyoni. Hakuna mkubwa aliyekataa. Maombi yako sikuyapeleka popote.' Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Nilikuzoea tu.'"

Silasi aliikunja karatasi.

"Nikamsukuma. Akajigonga kwenye kona ya kabati."

"Akafa hapohapo?"

Clever aliacha kuandika.

"Aliniita jina," Silasi alisema. "Hospitali iko karibu, gari lilikuwa nje, ufunguo ninao mimi. Mke wangu aliniita hivyohivyo kwenye simu, na sikwenda." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nikamvua koti, akiwa bado anapumua."

Kwaya ilinyamaza. Kipaza sauti kilimwita mwakilishi wa mwajiri.

Silasi aliinuka. "Niache nisome kwanza, afande. Maisha yake ya kazi hakuna anayeyajua kama mimi. Halafu mnifunge."

Inspekta alichukua karatasi, akaisoma: kuzaliwa, shule, ajira, vyeo. Mwishoni paliandikwa kwamba marehemu alifariki ghafla akiwa kazini.

"Na hapa pia ungesoma, mbele ya watoto wake?"

Silasi alinyoosha mikono. Clever alimfunga pingu, wakampeleka kwenye gari kwa njia ya migombani.

Chini ya turubai mwakilishi wa mwajiri aliitwa mara ya pili. Waombolezaji waligeuka huku na huku. Mshereheshaji alitazama safu ya mbele, kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa wazi, akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Tuvumiliane kidogo, ndugu zangu. Yupo. Koti lake lile pale."